Kazi Yako Ionekane: Picha za Kuvuta Wateja kwa Watoa Huduma wa Songea

Anayeuza mahindi humwachia mteja ashike punje, aitie mdomoni, aing'ate na kujua kama imekauka. Wewe unayeuza huduma huna punje ya kumshikisha mtu. Mteja anakupigia simu kutoka Mbinga, karibu kilometa 100 kutoka hapa, anataka umwezekee nyumba, umpikie wageni wa harusi au umwandalie hesabu za duka. Unamwomba alipe malipo ya awali kwa kitu ambacho bado hakipo. Ana haki ya kusita, na kazi ya picha ni kumpunguzia kusita huko. Huhitaji kamera kubwa wala ofisi ya matangazo. Simu uliyonayo mkononi inatosha kwa sehemu kubwa ya yale yaliyomo katika makala haya.

Uanzie wapi? Anza na daftari kabla ya kamera. Andika maswali yote ambayo wateja hukuuliza kabla hawajakubali kulipa, kisha jiulize lipi kati ya hayo linaweza kujibiwa na picha. Chukua mfano wa gesti. Msafiri anayekuja Songea mwezi wa Juni au Julai atauliza kwanza kama maji ya moto yapo, maana miezi hiyo huku kuna baridi. Kisha atauliza choo kiko ndani au nje, gari litalala wapi, na kelele za baa ziko umbali gani. Gesti nyingi hazijibu hata moja kati ya hayo: zinaweka picha ya geti na maua, basi. Piga picha ya bafu huku maji yakitoka, kitanda kikiwa na blanketi zito, na uwanja wa magari ukiwa na mlinzi. Kila mwaka mwezi wa Februari mji hupokea wageni wa kumbukumbu za mashujaa wa Majimaji, ambazo kilele chake ni tarehe 27, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni hapa hapa Songea. Wageni wengi wa siku hizo wanatafuta chumba wakiwa mbali. Mwenye picha ya bafu atapigiwa simu kabla ya mwenye picha ya maua.

Kama huduma yako inaacha alama inayoonekana, umebahatika. Fundi paa, fundi rangi, msafishaji wa makochi, msusi, mchomeleaji, mtengeneza bustani: nyote mna silaha moja kubwa, nayo ni picha ya kabla na baada. Lakini wengi wanaiharibu. Picha ya kabla inapigwa kwa haraka gizani, ya baada inapigwa juani kutoka upande mwingine kabisa, na mtazamaji anabaki akijiuliza kama hiyo ni nyumba ile ile. Ili picha mbili zisadikike, simama mahali pale pale, simu iwe kwenye kimo kile kile, na saa iwe ile ile au ikaribiane. Weka jiwe au chora alama ya chaki pale uliposimama mara ya kwanza. Ndani ya picha zote mbili kiwepo kitu kisichobadilika, kwa mfano mwembe wa jirani, nguzo ya umeme au dirisha, ili jicho liwe na pa kulinganishia. Piga pia picha ya katikati, kazi ikiendelea: mbao mpya zikipigiliwa, povu likiwa juu ya kochi. Picha hiyo ya katikati ndiyo inayomshawishi mteja mwenye mashaka, kwa sababu inaonyesha jasho, na jasho ni gumu kuigiza.

Na anayefanya kazi isiyoonekana je? Wakala wa bima, mhasibu, mwalimu wa udereva, kampuni ya ulinzi, mtu wa kufukiza wadudu? Hapa ndipo watu hukata tamaa na kuweka nembo yao peke yake, wakidhani hakuna cha kupiga. Kipo. Mteja wa huduma hizi hununua mtu, kwa hiyo mwonyeshe mtu huyo. Piga picha ya mhasibu akiwa mezani, akimweleza mteja jambo kwa kalamu na karatasi, si akiwa amesimama wima kama anasubiri picha ya pasipoti. Mfukizaji aonekane amevaa barakoa, glavu na buti, na pembeni pawe na vyombo vya jikoni vilivyofunikwa kabla hajaanza. Mama mwenye watoto akiiona hiyo hahitaji tena kuuliza kama dawa itaingia kwenye chakula. Chuo cha udereva kionyeshe gari lake lenye alama ya L, na mkufunzi akiwa kiti cha pembeni. Angalizo moja kwa mhasibu na wakala: hakikisha karatasi zilizo mezani hazionyeshi jina, namba ya mlipakodi au kiasi cha fedha cha mtu yeyote. Andaa karatasi tupu au fomu isiyojazwa kwa ajili ya picha. Wakili, daktari na mfamasia wana miiko ya taaluma kuhusu kujitangaza, hivyo wapitie kwanza kanuni za vyombo vyao kabla ya kuweka lolote hadharani.

Tuje kwenye kupiga. Jambo la kwanza halina gharama: futa lenzi, yaani kile kioo kidogo nyuma ya simu. Kiangazi cha Songea kina vumbi jekundu, na simu inashinda mfukoni au kwenye kanga. Tukiona picha yenye ukungu tunailaumu simu, kumbe mara nyingi chanzo ni uchafu tu. Tumia kitambaa laini cha pamba, si karatasi ngumu. Pili, tumia kamera ya nyuma badala ya ile ya mbele ya kujipigia, maana kwa kawaida ya nyuma ina ubora zaidi. Tatu, usivute picha kwa vidole ili kusogeza kitu karibu. Kwenye simu nyingi kufanya hivyo ni kukuza tu kile kile kilichokwisha kunaswa, na picha inachakaa. Sogea kwa miguu. Nne, fungua mipangilio ya kamera na uwashe gridi, ile mistari myembamba inayogawa kioo cha simu. Itakusaidia kunyoosha ukuta na mlango, kwani chumba kilichopinda kwenye picha kinamfanya mtu ahisi hata huduma imepinda.

Saa za kupiga picha nje ni jambo ambalo ningependa ulizingatie kuliko yote. Jua la saa sita mchana linakuwa juu ya utosi, hasa kuanzia Novemba hadi Februari. Macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi na bati jipya linang'aa hadi halionekani. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Kumbuka kwamba Juni na Julai jua la huku linachelewa, linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi, na jioni linazama mapema, karibu saa kumi na mbili na nusu. Usichukie mawingu. Siku yenye wingu zito isiyo na mvua ndiyo siku bora ya kupiga picha za magari, nywele na nyuso, kwa kuwa mwanga unatawanyika bila kivuli kikali, na Songea inakupa siku nyingi za namna hiyo kuanzia Desemba hadi Aprili.

Ngozi zetu nyeusi zinahitaji uangalifu ambao simu haiufanyi yenyewe. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe au mbingu angavu, simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa kivuli. Dawa ni mbili. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Simu nyingi zitapima mwanga kutoka hapo, na nyingine zitakupa kijua kidogo cha kuburuta juu ili kuongeza mwanga. Au badilisha kinachoonekana nyuma yake: ukuta wa matofali ya kuchoma, mlango wa mbao, majani ya migomba. Fundi wako akivaa fulana ya rangi ya bluu au njano, badala ya nyeupe kabisa, uso wake utaonekana vizuri zaidi.

Ndani ya chumba, zima fleshi. Fungua mlango na madirisha, simama dirisha likiwa mgongoni au ubavuni mwako, na usilielekee. Upande wenye giza, mwombe mtu ashike karatasi nyeupe ya manila au shuka jeupe lirudishe mwanga. Ukitaka kuonyesha ukubwa wa chumba, simama kwenye kona na ushike simu usawa wa kifua. Ondoa ndoo, waya na soksi, na kama kuna kabati lenye kioo cha kujitazamia ukikague, maana mara nyingi mpiga picha hujikuta mwenyewe ndani yake akiwa na kandambili.

Baada ya kupiga, unaweza kunyoosha, kukata pembeni na kuongeza mwanga kidogo. Programu ya kuhariri iliyomo ndani ya simu inatosha, na Snapseed inapatikana bure kwa anayetaka zaidi. Ishia hapo. Saluni inayolainisha uso wa mteja kwa programu inatangaza programu, haitangazi saluni, na mteja atakayekuja na picha ile mkononi akitaka afanane nayo ataondoka na hasira.

Tatizo kubwa kuliko la picha mbaya ni la picha ya kuokota mtandaoni. Umeona mabango ya upishi yenye vyakula ambavyo havijawahi kupikwa Ruvuma, na matangazo ya ujenzi yenye majumba ya Dubai. Mteja wa siku hizi anaitambua picha ya namna hiyo mara moja, na anajiuliza kwa nini huna ya kwako. Zaidi ya hapo kuna sheria: picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwenye picha anaweza kukudai. Picha ya sufuria zako za pilau, hata kama mwanga haukukaa sawa, ina nguvu kuliko karamu ya mtu mwingine.

Je, unaweza kumpiga picha mteja na kumweka hadharani? Muombe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia picha inayomtambulisha mtu, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inataka pia wanaokusanya taarifa za watu wajisajili katika Tume, kwa hiyo fuatilia kama biashara yako inahusika. Kwa picha, tengeneza fomu fupi ya ridhaa: "Mimi (jina) nakubali (jina la biashara) itumie picha zangu zilizopigwa tarehe (siku) kwenye WhatsApp, mitandao ya kijamii na mabango ya biashara yake. Naweza kuondoa ridhaa hii wakati wowote kwa kutoa taarifa." Asaini, ubaki na nakala. Kwa mtoto, anayesaini ni mzazi au mlezi. Mtu akibadilisha mawazo, toa picha bila kubishana. Ukipiga nyumbani kwa mteja, ziba namba ya gari na ya nyumba, na usionyeshe kufuli, kamera za ulinzi au runinga kubwa ya sebuleni. Hutaki tangazo lako liwe ramani ya mwizi. Kambi za jeshi na maeneo mengine yanayolindwa usiyapige kabisa, hata yakitokea nyuma ya kazi yako.

Sasa picha zipo. Ziende wapi? Kwa Songea ningeanza na WhatsApp Business, ambayo ni programu ya bure iliyotengwa kwa biashara. Unaweza kuhamishia humo namba yako ya WhatsApp ya kawaida pamoja na mazungumzo yake, ila namba moja haiwezi kukaa kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja. Humo utakuta katalogi, yaani orodha ya huduma zako yenye picha, maelezo na bei. Inabeba hadi huduma 500, na kila moja unaweza kuiwekea picha kadhaa. Mteja akiuliza, unamtumia huduma moja aliyoitaka badala ya kumrundikia picha ishirini. Stetasi, zile picha zinazotoweka baada ya saa 24, nazo zina faida, lakini zinaonekana tu na watu mliohifadhiana namba. Kwa hiyo kila mteja mpya mwombe ahifadhi namba yako, na wewe hifadhi yake.

Hatua ya pili wengi wanairuka: sajili biashara yako kwenye ramani ya Google. Nayo ni bure. Google itataka kuthibitisha kwamba upo, mara nyingi kwa kukutaka urekodi video fupi inayoonyesha mtaa, kibao cha biashara na vifaa vyako. Kama unafuata wateja makwao na huna ofisi, unaweza kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia tu, kwa mfano Songea mjini, Peramiho na Namtumbo. Picha za huko ziwe na upana na kimo cha nukta 720 kwa 720 au zaidi, na zisizidi uzito wa MB 5. Nukta ni zile chembe ndogo za rangi zinazojenga picha, na idadi yake utaiona ukifungua maelezo ya picha kwenye simu. Mgeni anayeshuka stendi na kutafuta gereji atavutiwa zaidi na zenye picha. Facebook na Instagram zifuate baadaye, kama una mtu wa kujibu ujumbe. Ukurasa uliolala miezi sita unamfanya mteja adhani umefunga.

Chini ya kila picha andika mambo manne kwa maneno ya kawaida: ni kazi gani, imefanyika mtaa gani, imechukua muda gani, na bei inaanzia wapi. "Kuosha makochi ya watu saba, Bombambili, saa tatu" inatosha, ukimalizia na bei yako. Ninajua wafanyabiashara wengi wanaogopa kuandika bei na wanapendelea "njoo inbox". Mimi sioni faida yake. Anayeona bei na bado akapiga simu ameshakubali nusu ya mazungumzo, na asiyeimudu hakupotezei muda.

Usisahau karatasi. Wateja wengi wa Songea bado wanakutana na biashara kwa macho wakipita barabarani. Nenda steshenari yoyote mjini ukachapishe picha nne za kazi zako bora kwenye karatasi ya A4, uzifunike kwa plastiki na uzibandike mlangoni. Kwa bango kubwa, wachapaji hutoza kwa mita ya mraba, kwa hiyo pima ukuta wako kabla ya kuuliza bei, na wape picha ya asili kutoka kwenye simu, si ile iliyopitia WhatsApp, ambayo imeshabanwa na itatoka na ukungu ikikuzwa. Ukitaka kuipitisha WhatsApp, itume kama faili la hati badala ya picha. Kabla ya kusimamisha bango, uliza Manispaa ya Songea kuhusu kibali na ada. Likiwa ndani ya hifadhi ya barabara kuu, TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, nao wanahusika.

Gharama yote ni kiasi gani? Njia ya simu pekee inaweza kukugharimu bando tu. Ukitaka kuongeza vifaa, tenga Sh 30,000 hivi kwa kishikio cha simu chenye miguu mitatu na karatasi za manila, na usinunue taa mpaka umejifunza kutumia dirisha. Mpiga picha wa kulipwa ana maana pale unapotaka bango, kitabu cha huduma au zabuni kwa taasisi. Kipimo changu: usimlipe zaidi ya faida ya kazi zako tatu za kawaida. Bei inashuka ukijua majira. Msimu wa harusi unapamba moto baada ya mavuno, fedha za mahindi zikiingia, na wapiga picha hawashikiki. Wakati wa Kwaresima, katika mji wenye Wakatoliki wengi kama huu, kalenda zao huwa na nafasi, na Jumanne ni rahisi kuliko Jumamosi. Kubalianeni kwa maandishi idadi ya picha zilizohaririwa, siku ya kukabidhi, nani atakuwa mmiliki, kama atakupa mafaili ya asili, na nini kitatokea mvua ikinyesha. Lipa nusu mwanzo, nusu ukikabidhiwa. Kwa ushauri wa biashara kwa ujumla, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ipo hapa Songea, nayo huendesha mafunzo kwa wajasiriamali wadogo.

Hifadhi kila kitu. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, mwanawe Rohit akaiendeleza, na kwa kuwa hawakutupa kazi zao za zamani, picha hizo zikaja kuwa bidhaa inayonunuliwa na wageni wa Mji Mkongwe. Wewe huenda usiuze picha zako kamwe, lakini siku ukiombwa kwenye zabuni uthibitishe uzoefu wa miaka mitano, utazihitaji. Tengeneza folda kwa kila mwaka, ipe kila picha jina lenye tarehe na mtaa, na uweke nakala nje ya simu, kwenye flashi au hifadhi ya Google, ambayo hutoa GB 15 bila malipo.

Mwisho, rudi kwenye lile daftari. Kila mteja mpya muulize amekujuaje: ramani, stetasi, bango au rafiki. Andika herufi moja tu pembeni ya jina lake. Baada ya miezi mitatu hesabu herufi hizo, uache njia isiyoleta mtu, na muda wake uupeleke kwenye ile inayoleta.